Kabla Hujajaza Fomu ya Athletic Training Marekani

Vijana wengi wapenda michezo wanaoingia chuo huku hudhani Athletic Training ni kozi ya ukocha au ya kunyanyua vyuma. Sivyo. Ni fani ya afya, na Chama cha Madaktari cha Marekani kiliitambua hivyo mwaka 1990. Mwenye kazi hii ndiye anayekimbilia mchezaji aliyeanguka, kisha anamhudumia hadi arudi uwanjani.

Jambo linalowapotezea watu miaka ni hili: shahada ya kwanza haitoshi tena. Tangu vuli ya 2022, programu za shahada ya kwanza za fani hii haziruhusiwi kupokea wanafunzi wapya. Lazima usome uzamili, kwa kawaida miaka 2 juu ya ile 4, ingawa vyuo vingine huunganisha yote kwa miaka 5. Piga hesabu ya ada yote, na uulize kama ufadhili ulio nao utavuka hadi uzamili. Kwa sasa soma sayansi ya mazoezi au biolojia, mradi usiruke anatomia, fiziolojia, kemia, fizikia na saikolojia.

Programu iwe na ithibati ya CAATE, tume inayokagua programu za fani hii, la sivyo hutaruhusiwa kufanya mtihani wa BOC, bodi inayotoa cheti cha fani hii, ambao karibu kila jimbo linautaka kabla ya leseni. Uliza wangapi hufaulu mara ya kwanza. CAATE inadai wasipungue 70% kwa wastani wa miaka 3. Chuo kinachosita kukujibu, achana nacho.

Halafu nenda ukajionee. Kashinde siku nzima na mtaalamu wa shule ya jirani mwezi Agosti, mazoezi ya mpira wa Kimarekani yanapoanza. Utamkuta kafika kabla ya wachezaji, anajaza maji na barafu kwenye beseni kubwa la kumtosha mtu mzima. Siku nyingi barafu ile huyeyuka bila kuguswa, na kesho yake hujazwa tena. Lakini kijana akizidiwa na joto, akianza kuropoka, mwili umepita nyuzi 40, hutumbukizwa humo papo hapo, kabla ya kupakiwa kwenye gari la wagonjwa. Zinazomwokoa ni dakika 30 za mwanzo. Joto lenyewe hupimwa kwa njia ya haja kubwa, maana kipimo cha mdomoni au kwapani hudanganya. Kama hilo linakutia aibu, heri ulijue sasa. Jiulize pia kama utaweza kumwambia nyota wa timu, aliyegongwa kichwa, kwamba leo harudi mchezoni, huku kocha amekukazia macho.

Jioni na wikendi zako zitakuwa za timu. Mafunzo ya vitendo yana kipindi cha angalau wiki 4 mfululizo za kutwa nzima, kwa hiyo anayeishi kwa kibarua aweke akiba mapema.

Na kama unapanga kurudi Nairobi au Dar es Salaam, kazi hii nyumbani hufanywa zaidi na wataalamu wa fiziotherapia na madaktari wa timu. Waandikie wanaosajili taaluma hizo, uwaulize watakusajili kwa jina gani, kabla hujalipa ada ya kwanza.