Kusanya ushahidi wa klasta ya Cassandra kabla hujaiwasha upya

Klasta (kundi la seva zinazofanya kazi pamoja) ya hifadhidata ya Cassandra yenye seva tatu, mbili Arusha na moja Moshi, imeanza kusuasua. Usikimbilie kuwasha upya. Hesabu za `nodetool tpstats` (foleni za kazi ndani ya Cassandra) hukaa kwenye kumbukumbu tu. Ukizima zinarudi sifuri.

Anza na saa: `chronyc tracking` kwenye kila seva. Cassandra hulinganisha mihuri ya muda kuamua thamani ipi ibaki, kwa hiyo saa iliyotangulia sekunde tano inaweza kufanya data ya zamani ifunike mpya, na hutaona kosa lolote kwenye logi. Kama seva zimewekwa UTC (saa tatu nyuma ya saa ya Tanzania), tatizo la saa mbili usiku litafute kwenye 17:00.

Kisha `nodetool status`, inayoonyesha hali ya kila seva, kwenye seva zote, maana kila moja ina mtazamo wake. Ya Moshi ikionekana DN (imezimika) kutoka Arusha huku yenyewe ikijiona UN (iko hewani), shuku mtandao kwanza. Tpstats ichukue mara mbili, dakika tano zikipita katikati. Namba za Dropped (ujumbe uliotupwa bila kushughulikiwa) hujumlishwa tangu programu iwashwe, hivyo moja peke yake haisemi kitu. Angalia zimepanda kiasi gani. Ongeza `nodetool compactionstats` (kazi ya kuunganisha mafaili ya data) na `df -h` (nafasi ya diski).

Mwisho beba `/var/log/cassandra` nzima, pamoja na mafaili ya zamani ya `.zip`, chanzo mara nyingi kimo humo. Funga kwa `tar`, jina la seva likiwemo, ila si kwenye diski ya data iliyokaribia kujaa. Ukiambatisha `cassandra.yaml`, futa nywila kwanza.