Jazi ya Kijipsi: achana na vidole kwanza, tengeneza mkono wa kulia

Karibu kila mtu anayeniuliza kuhusu hii jazi ya Kijipsi, ule muziki wa gitaa wa Wajipsi wa Ufaransa, anaanza na mkono wa kushoto. Ashaona kideo cha Django Reinhardt, mpiga gitaa mkuu wa muziki huo, anakimbia shingo nzima ya gitaa na vidole viwili, basi na yeye anakunja vidole viwili vya mwisho eti ndio siri yenyewe. Jamani, yule mtu aliungua. Kibanda chake cha magurudumu kilishika moto mwaka 1928, akiwa na miaka 18, na kidole cha pete na cha mwisho vya mkono wa kushoto havikurudi sawa tena, hakuchagua. Mkono wa kulia ndio ule ule aliokuwa nao tangu utotoni akipiga banjo kwenye madansi ya Paris, na huo ndio wa kuiga.

Mimi mwenyewe nimepoteza kama mwaka hivi. Nilikuwa nimelaza kiganja kwenye daraja la gitaa, napiga chini juu chini juu kama cherehani, sauti inatoka nyembamba kama mbu. Siku moja nafanya mazoezi barazani Langoni, hapa Lamu, akapita mzee mmoja wa mtaa ambaye ujana wake wote alipiga udi kwenye taarab. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akasimama kusikiliza na mfuko wake wa samaki mkononi, alafu akaniambia, "Mwanangu, mbona wakuna? Uzi haukunwi, uzi waangukiwa."

Akachukua gitaa langu, hajui hata kodi (chord) moja ya jazi, akapiga uzi mmoja. Punda aliyekuwa amelala pale akainua masikio. Wallahi.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba alichonionyesha ni kitu kile kile wanachofanya Wamanouche, Wajipsi wa kule Ufaransa: risha, kile kidude cha kupigia nyuzi, inapita kwenye uzi na kutua juu ya uzi unaofuata. Mimi naliita pigo la kutua. Sababu yake ni moja kwa wote wawili, kelele. Mpiga udi harusini kabla ya maspika alikuwa anashindana na ngoma na vigelegele, mpiga gitaa Paris alikuwa anashindana na kodiani, amplifaya hakuna, kwahivyo ni lazima mkono wenyewe utoe sauti. Ukiwasha amplifaya mapema hutajifunza hii kitu, utadanganywa na spika.

Haya sasa kazi. Ninaposema chini namaanisha kuelekea sakafuni, na uzi wa 1 ni ule mwembamba, wa 6 ndio mnene.

Risha kwanza (wengine wanaiita piki, sio ya boda). Zile laini za plastiki zinazopinda hazifai hapa, unataka nene, milimita 3 hivi na haipindi kabisa. Zamani Ulaya walikuwa wanatumia gamba la ng'amba, usijaribu, kasa analindwa na sheria na hapa Lamu watu wanakujua kwa jina. Mimi natumia kifuu cha nazi nilichokisugua kwa msasa jioni mbili tatu mpaka ncha ikawa ya mviringo na laini kama kokoto ya pwani, inapiga vizuri tu. Pembe ya ng'ombe pia ni safi ukipata fundi wa kukukatia.

Kaa, mkono wa kulia uegemee ukingo wa gitaa karibu na kiwiko, basi, hapo ndio mahali pekee pa kuegemea. Kiganja kisiguse daraja, kidole kidogo kisichimbiwe kwenye ubao kama nanga. Kifundo cha mkono kiinuke kidogo kama mgongo wa paka halafu vidole vining'inie kuelekea kwenye nyuzi. Risha ishike kati ya dole gumba na ubavu wa kidole cha shahada kilichokunjwa, sio kwa kubana, ukiona kucha imekuwa nyeupe ujue umebana. Mwendo wenyewe unaujua tayari, ule wa kukung'uta maji mkononi ukimaliza kutawadha na taulo halipo. Fanya hivyo hivyo mara kumi bila gitaa kabisa. Umeuhisi ule uzito wa mkono unavyodondoka? Basi uzito huo ndio unaopiga, sio msuli.

Sasa weka risha juu ya uzi wa 3, wacha mkono udondoke, upite, na risha isimame imeguswa na uzi wa 2. Isimame kweli. Kama imeruka hewani hujatua, rudia. Ukitaka kupiga juu, toka pale ulipotua urudi kupitia uzi wa 3, hili pigo la juu halitui popote na ni jepesi kidogo, na ni sawa, usilazimishe vilingane, ule utofauti ndio unaofanya muziki ucheze. Dakika kumi kila siku uzi mmoja tu kabla ya kitu kingine, boring najua.

Alafu ndio inakuja sheria ambayo inawashinda watu waliozoea kupiga chini juu chini juu: kila ukihamia uzi mpya, pigo la kwanza ni la chini. Kila mara. Hata kama pigo lililopita lilikuwa la chini pia.

Mfano wa kufanyia kazi ni hii ngazi ya A maina (freti ni vile vyuma vya shingoni, hesabu kutoka kichwani mwa gitaa). Uzi wa 6 freti ya 5 chini, freti ya 8 juu. Uzi wa 5 freti ya 7 chini. Uzi wa 4 freti ya 7 chini. Uzi wa 3, wa 2, wa 1, zote freti ya 5, chini, chini, chini, alafu umalizie uzi wa 1 freti ya 8 juu. Umeona kilichotokea hapo katikati? Kwenda huko ni bure kabisa manake ukitua tayari uko juu ya uzi unaoutaka, mkono unateremka ngazi zenyewe.

Kurudi ndio utalia. Uzi wa 1 freti ya 8 chini, ya 5 juu, sasa uzi wa 2 chini na umetua juu ya uzi wa 1, lakini unaotaka ni wa 3, kwahivyo inabidi mkono uinuke, uuvuke uzi wa 2 bila kuugusa, na udondoke tena kwenye wa 3. Hivyo hivyo mpaka wa 6 (freti ya 8 chini, ya 5 juu). Mwanzoni nilikuwa nakwaruza kila uzi njiani. Dawa yake ni kuinuka kidogo sana, unene wa uzi tu, na polepole hadi uone aibu. Metronomu (kihesabu mdundo) kwenye simu weka 60, noti mbili kila mdundo, na usiongeze hata 4 mpaka kurudi kusikike sawa na kwenda kwa mtu aliyefumba macho. Mkono ukianza kuuma acha siku hiyo, maumivu hapa yanamaanisha unabana.

Gitaa usihangaike nalo. Yale ya kampuni ya Selmer yaliyoanza kutengenezwa mwaka 1932 ni matamu lakini bei yake ni ya jahazi, gitaa lolote la nyuzi za chuma litakufikisha, unene wa nyuzi namba 10 au 11. Shida yetu sisi ni chumvi, hasa ukiishi karibu na bahari kama mimi, nyuzi zile zenye shaba iliyopakwa fedha wiki mbili zishakuwa nyeusi. Futa na kitambaa kikavu kila ukimaliza na usiliache gitaa barazani usiku hata kama umechoka vipi.

Ridhimu sijaigusa, ile ya kukata mdundo wa pili na wa nne, mkono wake ni mwingine na itataka siku yake. Kwa sasa ukishaweza ile ngazi kwenda na kurudi, ihamishe freti mbili mbele iwe B maina, na huo mkono wa kulia usijue hata kama kuna kilichobadilika.