Bingwa anayekwepwa: jinsi ya kumpatia wapinzani wa maana katika uzito wa kati

Bondia wa uzito wa kati akianza kuwamaliza watu kabla ya raundi ya sita, simu ya meneja wake hupungua kulia. Si kwamba mabondia wengine ni waoga. Wanapiga hesabu: hatari kubwa, pesa kidogo, na jina la bingwa bado haliuzi tiketi za kutosha kufidia kichapo. Kazi ya meneja na promota ni kuigeuza hesabu hiyo. Kusema redioni kwamba "wanatukimbia" hakuigeuzi.

Anza na orodha. Chukua 15 bora wa WBA, WBC, IBF na WBO, vyama vinne vinavyotoa mikanda ya dunia, katika kilo 72.57 (pauni 160), ongeza wenye mikanda wa kilo 69.85 wanaoelekea kupanda, na wa kilo 76.2 ambao bado wanaweza kushuka. Mbele ya kila jina andika promota wake, kituo kinachoonyesha mapambano yake, tarehe aliyopigana mwisho, na lini anadaiwa kukutana na mpinzani wake wa lazima, yaani yule ambaye chama kinamwamuru bingwa apigane naye. Safu ya kituo cha televisheni ndiyo inayoua mapambano mengi: mabondia wawili wakiwa chini ya vituo viwili vinavyoshindana, mazungumzo huvuta miezi. Majina ya aina hiyo yapigie simu kwanza, hata kama unayataka kwa mwaka ujao.

Tumia kanuni za mikanda

Asiye na mkanda hukwepwa bila gharama yoyote. Marvin Hagler aliingia ngumi za kulipwa mwaka 1973, lakini nafasi ya kwanza ya ubingwa wa dunia aliipata Novemba 1979, akiwa na karibu mapambano 50 mkononi. Hata hapo alipewa sare dhidi ya Vito Antuofermo, akasubiri hadi Septemba 1980 kumsimamisha Alan Minter mjini London katika raundi ya tatu. Kwa bondia wa namna hiyo, lenga pambano la mchujo la chama kimoja, ambalo mshindi wake huwa mpinzani wa lazima, na ulifuate hadi mwisho. Kukimbizana na viwango vya vyama vinne kwa pamoja humwacha wa nne kila mahali.

Ukishakuwa na mkanda, mpinzani wa lazima ni mtu ambaye naye hawezi kukukwepa bila kupoteza nafasi yake. Omba chama kiamuru mazungumzo. Kwa kawaida mnapewa kama siku 30. Mkishindwa kuelewana, pambano linapigwa zabuni na promota mwenye dau kubwa analichukua. Hapa wengi huumia: wanaingia kwenye zabuni bila mtu wa kuwawekea dau, promota wa upande wa pili anashinda, na bingwa anajikuta anautetea mkanda kwenye mji wa mpinzani. Mtafute mwenye pesa kabla siku 30 hazijaisha.

Ukitaka kumruka mpinzani wa lazima ili upate pambano kubwa zaidi, pata ruhusa kwa maandishi kabla ya kusaini. Mei 2018 marudiano ya bingwa Gennady Golovkin na Canelo Álvarez yalivunjika, na Golovkin akapigana na Vanes Martirosyan, aliyepanda kutoka uzito wa chini. Alimmaliza raundi ya pili, lakini IBF walikuwa wanamtaka akutane na Sergiy Derevyanchenko, na mwezi uliofuata wakamvua mkanda wao.

Njia iliyo bora kuliko zote ni kuunganisha mikanda, maana bingwa mwenzako naye ana kitu cha kupata. Ndivyo David Lemieux alivyokubali kuingia na Golovkin Oktoba 2015, akasimamishwa raundi ya nane. Lakini kila mkanda unakuja na mpinzani wake wa lazima na ada yake, ambayo kwa kawaida ni kama asilimia 3 ya malipo ya bingwa. Mwenye mikanda mitatu apange kalenda ya miezi 18 mbele, la sivyo atavuliwa mmoja huku akitetea mwingine.

Uzito

Majina makubwa mara nyingi yako chini yako. Félix Trinidad alipanda, akasimamishwa na bingwa wa uzito wa kati Bernard Hopkins raundi ya 12 mwaka 2001. Mwaka 2004 Oscar De La Hoya alikutana na Hopkins kwa uzito wa makubaliano wa pauni 158, akaanguka kwa ngumi ya ini raundi ya tisa. Kell Brook alitoka kilo 66.68 moja kwa moja kumfuata Golovkin mwaka 2016. Kona yake ilirusha taulo raundi ya tano, mfupa wa jicho ukiwa umevunjika. Mapambano haya yanauza, ila usiyapange mawili mfululizo: watu wataanza kusema bingwa anapiga wadogo, na watakuwa na haki.

Mpinzani akidai uzito wa makubaliano, pauni mbili chini ya 160 zinavumilika. Kabla hujajibu, angalia bingwa wako alikuwa na kilo ngapi siku 30 na siku 7 kabla ya mapambano yake matatu ya mwisho. Ikiwa siku ya saba bado yuko juu ya kilo 76, kataa. Atafika kwenye mizani, lakini miguu itabaki kambini.

Chunguza pia uzito wa asubuhi ya pambano. Mwaka 2017 IBF walikuwa wanapima mara ya pili na hawakuruhusu kuzidi pauni 10 juu ya kikomo, yaani kama kilo 77.1. Daniel Jacobs, aliyekuwa anakutana na Golovkin, hakufika kwenye upimaji huo Machi 2017. Alichopoteza ni haki ya kuutwaa mkanda wa IBF tu; usiku akapanda ulingoni akiwa mkubwa, akaangushwa raundi ya nne, akainuka na kumaliza raundi 12. Mfululizo wa Golovkin wa ushindi 23 kwa KO uliishia hapo. Weka faini kwenye mkataba kwa kila pauni inayozidi, na iwe kubwa kiasi cha kuuma.

Mezani na kambini

Toa visivyopiga ngumi: jina la kwanza kwenye bango, kuingia ulingoni mwisho, chumba cha kubadilishia nguo. Ongeza malipo ya uhakika kabla ya kuongeza asilimia ya mauzo, kwa sababu anayeogopa kupigwa anataka kujua atarudi nyumbani na nini. Usikubali kupoteza majaji wasiofungamana na upande wowote, vipimo vya dawa, wala uchaguzi wa glavu za aunsi 10. Na usidai haki ya mapambano matatu yajayo ya mpinzani akishinda. Kipengele hicho kimoja kinatosha kumfukuza mtu aliyekuwa tayari kusaini. Marudiano mamoja yanatosha.

Kambi inahitaji wiki 8 hadi 10. Zikibaki wiki kumi kabla ya pambano bila saini, geukia mpinzani wa akiba. Bingwa asikae zaidi ya miezi sita bila pambano. Mchague wa akiba kwa anachofundisha: mrefu, anayepigana kwa mkono wa kushoto, au mwenye miguu inayozunguka. Bingwa aliyezoea kumaliza mapema hajui mapafu yake yatasemaje raundi ya kumi, kwa hiyo sparingi (mapigano ya mazoezi) iwe raundi 10 hadi 12, kila baada ya raundi mbili anaingia mtu mpya, na wawili wao wawe wazito kuliko yeye.

Kupanda kilo 76.2 kuwe hatua ya mwisho. Saini pambano la huko kwanza, liwe na tarehe na ukumbi, ndipo ukiandikie chama barua ya kuuacha mkanda.