Bluu ya bango ikigeuka zambarau

Hapa Mwanga, Kigoma, wateja wangu wengi wanataka bluu ya Ziwa Tanganyika kwenye bango. Ikitoka zambarau, usikimbilie kubadilisha wino. Kwanza chapa jaribio la nozeli, yaani vitundu vya wino: mistari ya saiani (wino wa bluu-kijani) ikikatika, safisha hedi (kichwa cha printa), kisha chapa tena. Mistari ikiwa mizima, kagua faili. Igeuze kutoka RGB (rangi za skrini) kwenda CMYK (rangi za wino), upime bluu yenyewe. Saiani asilimia 100 na majenta (wino wa waridi iliyokolea) asilimia 90 huelekea zambarau. Mimi hushusha majenta hadi 60, na hapo ziwa linarudi! Halafu hakikisha profaili (mpangilio wa rangi wa printa) ni ya fleksi, turubai ya bango, unayotumia, maana profaili ya stika hupotosha rangi. Chapa kipande cha sentimita 20, kikauke, ukitazame nje mchana, kando ya sampuli ya mteja.