Kuweka Xfce kwenye Ubuntu bila kugusa mafaili yako

Kabla hujaenda kutafuta RAM ya kuongeza, au kuiuza mashine kwa bei ya hasara, badilisha eneokazi kwanza. Watu wananiletea mashine za mtumba, ThinkPad T420 na rika lake, RAM GB 4, na lugha ni moja: "Fundi, Ubuntu nzito." Ubuntu yenyewe, yaani mfumo endeshi, haina neno. Kinachokula nguvu ni eneokazi lake, GNOME, yaani yale madirisha, menyu na vimanjonjo unavyoviona kwenye kioo, ambayo Ubuntu inakuja nayo tangu toleo la 17.10 la mwaka 2017. Xfce ni eneokazi jingine, jepesi zaidi, na inakaa pembeni yake bila ugomvi. Mafaili, programu na nenosiri vinabaki vilevile, na ukitaka kurudi GNOME unarudi.

Hapa natumia Ubuntu 24.04. Chomeka chaji kwanza. Betri za mtumba tunazijua, na umeme ukikatika katikati ya kazi hii utapata usumbufu. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, andika:

sudo apt update
sudo apt install xfce4 xfce4-goodies network-manager-gnome

Ukiandika nenosiri hutaona herufi wala nyota. Ni kawaida, wewe andika tu, bonyeza Enter. Kabla ya kupakua chochote, apt, ile programu inayopakua na kuweka nyingine, itakuonyesha ukubwa wa mzigo na nafasi utakayochukua kwenye diski, kisha itasubiri jibu. Hapo ndipo pa kuangalia salio la bando. Halitoshi? Bonyeza n, hakuna kilichoharibika.

Kile kifurushi cha tatu, network-manager-gnome, wengi wanakiruka, halafu wanaingia Xfce na kukosa ikoni ya Wi-Fi. Kiweke.

Wapo watakaokushauri uweke xubuntu-desktop. Inafanya kazi, ila inaleta familia nzima ya Xubuntu: programu zake juu ya zile ulizonazo, hata picha inayotokea mashine ikiwaka inabadilika. Kwa mtu wa bando la wiki, mimi simshauri.

Njiani huenda likatokea boksi likiuliza uchague kati ya gdm3 na lightdm. Watu wengi huogopa hapa na kufunga dirisha. Usifunge. Swali ni dogo: nani asimamie ukurasa wa kuingilia, ule unaoandikia nenosiri? lightdm ni nyepesi, lakini kufunga skrini kwa GNOME kunategemea gdm3. Kwa kuwa GNOME tunaibakiza kwenye mashine, chagua gdm3 kwa mshale, nenda kwenye OK kwa Tab, bonyeza Enter. Ukibadili mawazo baadaye:

sudo dpkg-reconfigure gdm3

Umeme ukikatika katikati, washa mashine na uandike hizi mbili, kisha urudie ile amri ya kuweka:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt -f install

Ikimaliza, washa mashine upya. Bofya jina lako, lakini usikimbilie kuandika nenosiri. Angalia chini kulia, kuna kigurudumu chenye meno. Kibofye, chagua Xfce Session, ndipo uandike nenosiri. Kigurudumu hicho hakionekani mpaka ubofye jina, na ndiyo sababu wengine husema Xfce "imegoma kuingia" wakati wamerudi GNOME kwa mazoea. Ukiwa na shaka uko wapi, andika echo $XDG_CURRENT_DESKTOP kwenye terminali. Jibu liwe XFCE.

Sura yake ya kwanza haivutii, nakubali. Xfce ilianzishwa na Olivier Fourdan mwaka 1996 na haijawahi kushindana kwa urembo. Bofya kulia kwenye paneli ya juu, ingia Panel, kisha Add New Items, uongeze Whisker Menu. Hiyo ina kisanduku cha kutafutia programu, na aliyezoea Windows haimsumbui. Kwenye mashine kongwe kabisa naingia pia Settings, Window Manager Tweaks, kichupo cha Compositor, naondoa tiki ya Enable display compositing. Vivuli vya madirisha vinapotea, nani anavihitaji?

Pima mwenyewe kwa free -h, mara moja ukiwa GNOME na mara moja ukiwa Xfce, zote kabla ya kufungua programu, ulinganishe safu ya used. Ila Firefox yenye vichupo ishirini itakula RAM ileile popote ulipo. Hiyo dawa yake ni kufunga vichupo.

Usipoipenda, ingia GNOME kwanza, kisha:

sudo apt purge xfce4 xfce4-goodies
sudo apt autoremove

Kwenye autoremove soma orodha kabla ya kukubali. Ukiona gdm3 au ubuntu-desktop humo, bonyeza n.