Kanta imepinduka na vyombo vyako: jinsi ya kudai fidia bila kupunjwa

Shemeji yangu alikuwa akihama Nakuru kwenda Kisumu, na kanta aliyoikodi ikalala ubavu karibu na Mau Summit. Hakuna aliyeumia. Friji ilitolewa mlango ukining'inia, magodoro yakalowa dizeli. Mwenye kanta akatoa elfu kumi "za pole". Tulizikataa, na hivi ndivyo tulivyofanya.

1. Picha. Piga kabla kitu hakijainuliwa. Namba ya gari na stika ya bima zionekane.

2. Abstrakti, yaani karatasi ya polisi ya kuthibitisha kwamba ajali iliripotiwa. Inatoka kwa kituo cha polisi kilichoandikisha ajali, si kituo cha karibu na nyumbani kwako. Tulipoteza siku nzima Nakuru mjini kwa kutojua hilo.

3. Orodha. Hapa ndipo palipotumaliza. Mara ya kwanza tuliandika "vyombo vya jikoni, 30,000". Mwenye kanta akacheka, na haki alikuwa nayo. Vyombo gani? Vingapi? Mahakama za Kenya nazo zinataka hasara ya namna hii itajwe moja moja na ithibitishwe.

Tukaanza upya: mstari mmoja, kitu kimoja. Ni nini, kilinunuliwa lini, kwa pesa ngapi, kimeharibika wapi, ushahidi ni upi. Mimi natumia daftari, si simu. Daftari likikaa mezani, leo mtu anapita anakumbuka pasi, kesho blenda.

Risiti hazipo? Nani hutunza risiti ya godoro! Toa taarifa ya M-Pesa ya mwezi ulionunua. Malipo ya till yanaonyesha duka na tarehe. Tafuta pia picha za zamani. Televisheni ya shemeji tuliipata ikiwaka nyuma ya keki ya bethdei ya mtoto.

Usiandike bei ya leo dukani kwa friji ya miaka sita. Wewe mwenyewe punguza bei kulingana na umri wake, kabla hujapunguziwa. Kinachorekebishika, dai pesa za fundi, naye aandike kwa karatasi yenye jina na muhuri wake. Pesa hizo zikizidi thamani ya kitu chenyewe, dai thamani. Fundi wetu alisema mashine ya friji ni nzima, mlango na gesi tu: 9,500.

Na usitupe chochote, wala usimwite mtu wa skrepa, mpaka upande wa pili ukague. Godoro moja lilinuka mno tukalitupa. Halikulipwa.

4. Nani analipa? Ile stika ya kioo cha mbele isikudanganye. Bima ambayo sheria inalazimisha kila gari liwe nayo ni ya vifo na majeraha. Hata pale ambapo bima ya gari inalipia mali ya watu wengine, kwa kawaida haigusi mizigo iliyo ndani ya gari lenyewe. Mizigo ina bima yake ya safari, nayo hukatwa kando. Muulize mwenye gari kama anayo. Kama hana, wa kudaiwa ni yeye mwenyewe. Utafutaji wa gari kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, utakupa jina la mmiliki.

5. Barua ya madai. Ukurasa mmoja, orodha na abstrakti nyuma yake, siku 14 za kujibu. Mpe mkononi, atie saini kwenye nakala yako.

6. Akinyamaza. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, nayo inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Nakuru ipo, Kisumu ipo. Unaweza kujisimamia bila wakili, na Kiswahili kinaruhusiwa. Sisi hatukufika huko. Kuitaja tu kwenye barua kulitosha.

7. Saini. Utaletewa karatasi ya kukubali kwamba madai yamekwisha. Ukishaitia saini, hurudi tena kusema umesahau kabati. Mwenye kanta alilipa 74,000 kwa awamu mbili na akataka saini siku ya awamu ya kwanza. Tukampa risiti ya alichotoa. Awamu ya pili ilichelewa wiki tatu. Ujumbe wa M-Pesa ulipoingia ndipo shemeji akachukua kalamu.