Kujaza ritani ya kodi ya mapato yasiyo ya mshahara: mwongozo kwa waajiriwa wa Nyanda za Juu Kusini

Mwalimu wa Uyole anayepangisha fremu Mwanjelwa, muuguzi wa Iringa mwenye shamba la miti Mufindi na bwana shamba wa Njombe anayewashauri wanunuzi wa parachichi siku za mapumziko wanafanana katika jambo moja: mwajiri wao hukata na kuwasilisha kodi ya mshahara peke yake. Mtu ambaye kipato chake chote ni mshahara wa mwajiri mmoja kwa kawaida hahitaji kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mwaka ya mapato na kodi yake, kwa sababu makato ya kila mwezi ya Lipa Kadri Upatavyo, yaani PAYE, yamekwisha kumaliza deni lake. Fedha ya pembeni inapoingia, wajibu wa kuitolea taarifa unakuwa wa mlipakodi mwenyewe.

Kinachowatatiza wengi si hesabu. Fomu hutaka kila chanzo cha mapato kiandikwe mahali pake, ilhali mlipakodi hufika akiwa na jumla moja ya fedha zote zilizopita mikononi mwake au kwenye simu yake. Kwa hiyo, kabla ya kufungua mfumo wa Mamlaka ya Mapato Tanzania, kaa na daftari, taarifa ya benki na miamala ya simu, kisha tenganisha mshahara, malipo ya kazi au biashara, pango, riba, gawio, na mauzo ya ardhi au jengo. Hesabu miezi ya Januari hadi Desemba, maana huo ndio mwaka wa mapato wa mtu binafsi. Mwaka wa bajeti ya Serikali, unaoanza Julai, hauhusiki hapa.

Ukishatenganisha, jiulize kuhusu kila fungu: je, limekatwa kodi ya zuio, yaani kodi ambayo anayekulipa huikata kabla ya kukukabidhi fedha, na kama limekatwa, makato hayo ni ya mwisho au ni malipo ya awali? Swali hili ndilo moyo wa kazi nzima. Riba ya akiba anayolipwa mtu binafsi na benki hukatwa asilimia 10, na gawio la kampuni iliyoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam hukatwa asilimia 5. Makato hayo ni ya mwisho, hivyo fedha hiyo haijumlishwi tena na mapato mengine. Malipo ya huduma ni tofauti. Kampuni ikikulipa kwa ushauri au mafunzo hukata asilimia 5, lakini makato hayo ni sehemu tu ya kodi utakayodaiwa, kwa hiyo malipo yote huandikwa kwenye ritani, kisha kile kilichokatwa hupunguzwa mwishoni. Asiyejua tofauti hii huweza kulipa mara mbili kwenye riba yake, au kuacha nje malipo ya huduma akidhani yamekwisha kutozwa.

Tuchukue mfano wa huyo bwana shamba wa Njombe. Mshahara wake unaotozwa kodi, baada ya kuondoa mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, ni shilingi 900,000 kwa mwezi, yaani 10,800,000 kwa mwaka, na mwajiri amekwisha kukata PAYE ya 1,236,000. Kampuni inayonunua parachichi imemlipa jumla ya 5,600,000 kwa ushauri kabla ya makato, ikazuia 280,000. Gharama za kazi hiyo, kama nauli za kwenda mashambani na vipimo vya udongo, ni 1,600,000. Faida yake ni 4,000,000, na ikijumlishwa na mshahara, mapato yanayotozwa kodi yanafika 14,800,000.

Kwa viwango vya mtu binafsi mkazi wa Tanzania Bara, shilingi 3,240,000 za kwanza kwa mwaka hazitozwi. Kutoka hapo hadi 6,240,000 kiwango ni asilimia 8, hadi 9,120,000 ni asilimia 20, hadi 12,000,000 ni asilimia 25, na kila kinachozidi hapo hutozwa asilimia 30. Kodi ya shilingi 12,000,000 kwa utaratibu huo ni 1,536,000. Zile 2,800,000 zilizobaki zinazaa 840,000, na jumla ni 2,376,000. Ondoa PAYE ya 1,236,000, ondoa na kodi ya zuio ya 280,000: anabaki akidaiwa 860,000. Angesahau kudai ile kodi ya zuio, angelipa 1,140,000. Ndiyo maana namsihi kila anayefanya kazi za namna hii adai cheti cha kodi ya zuio mara tu anapolipwa, kwa kuwa kukitafuta baada ya mwaka kwenye ofisi ambayo mhasibu wake amekwisha kuhama ni mateso.

Tambua pia kwamba kodi ya makadirio ya wafanyabiashara wadogo, inayotozwa kwa kuangalia mauzo, ni ya mtu ambaye mapato yake yote yanatokana na biashara. Mwenye mshahara na biashara kwa pamoja hutumia njia niliyoieleza hapo juu.

Kuhusu pango, mpangaji anayefanya biashara kwenye fremu yako anapaswa kuzuia asilimia 10 ya pango, kuiwasilisha na kukupa cheti. Asipozuia, pango hilo bado ni mapato yako na linapaswa kutolewa taarifa. Kodi ya majengo inayokatwa unaponunua umeme wa LUKU ni kodi ya kumiliki jengo. Ushuru wa stempu wa asilimia 1 ni wa mkataba. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosimama badala ya kodi ya mapato ya pango.

Ukiuza ardhi au jengo, faida hutozwa asilimia 10 kabla ya umiliki kuhamishwa. Tunza hati ya manunuzi, hata ile karatasi iliyogongwa muhuri wa serikali ya kijiji, kwa sababu bei uliyonunulia ndiyo inayopunguza faida hiyo.

Ritani ya mwaka huwasilishwa ndani ya miezi 6 baada ya mwaka kwisha, yaani kufikia Juni 30, kwa kutumia namba ya mlipakodi, TIN, ambayo hutolewa bure kwa mwenye namba ya NIDA. Tarehe inayosahauliwa zaidi ni Machi 31, ambapo mlipakodi hukadiria mapato ya mwaka ulioanza na kulipa awamu ya kwanza, ikifuatiwa na za Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31. Bwana shamba wetu akitarajia mwaka unaofanana na uliopita, atakadiria zile 860,000 na kulipa 215,000 kila awamu kwa namba ya kumbukumbu ya malipo anayoipata kwenye mfumo. Kazi ikiongezeka katikati ya mwaka, arekebishe makadirio mapema, kwa kuwa makadirio yaliyo chini sana ya kodi halisi huleta riba. Risiti, vyeti na mikataba aviweke kwa muda usiopungua miaka 5, kila mwaka katika bahasha yake.